UZI: Msimu mzima nikiwa mtu wa 15, ligi ya raga ya ngazi ya nane, Cornwall

Ngamia wa Pongwe (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita, lakini juzi kwenye uzi wa Samatta kuna mtu aliuliza nani mwingine wa kwetu ameonja ligi ya Uingereza. Nikacheka peke yangu kwenye basi. Mimi nimeionja. Si soka, ni raga, na si Ligi Kuu, ni ngazi ya nane ukihesabu kutoka juu. Ila ina msimamo, ina marefa wa kuteuliwa, na jina langu limo kwenye karatasi ya timu.

Naishi Cornwall, ule mkia wa Uingereza unaochomoza baharini kusini magharibi. Kazi yangu ni kulea wazee kwenye nyumba ya matunzo, zamu za usiku kwa wingi. Nina kilo 118 na miaka 34. Raga nilikuwa sijui hata mpira wenyewe unashikwaje.

Agosti 2024 alikuja fundi wa mabomba kurekebisha boila pale kazini. Aliniangalia shingo kabla ya kunisalimia. Kisha akaniuliza Jumamosi nafanya nini. Nikadhani ana kibarua cha kubeba mizigo.

Kumbe ndiyo nimesajiliwa.

Nitaeleza msimu wote, Septemba 2024 mpaka Aprili 2025. Klabu sitaitaja, watu wenyewe hawajaniruhusu. Ulizeni tu, naandika kwa simu, mnivumilie.

Mpenda Ndondo

Nimekaa siti ya mbele. Swali la kwanza kabisa: walikulipa shilingi ngapi?

Ngamia wa Pongwe

Mkuu, mimi ndiye niliyelipa. Kuna ada ya uanachama ya mwaka, halafu kila siku ya mechi unatoa pauni kadhaa kwa mama mmoja mwenye kopo la biskuti. Hukutoa, jina lako linasomwa kwenye baa mbele ya watu.

Mpenda Ndondo

Yaani unalipa ili uvunjwe mbavu? Ndondo za Manzese hata aliyekaa benchi anapewa nauli.

Kijana wa Ngong Road

Salamu kutoka Nairobi. Huyo jamaa anasema ukweli. Huku kwetu pia raga ilianza hivyohivyo, mchezaji anatoa mfukoni. Hata Uingereza kwenyewe, hadi Agosti 1995 kulipwa kucheza raga ya watu 15 kulikuwa marufuku kwa kanuni za mchezo. Waliolipwa walitengwa. Sasa wa juu wanalipwa, wa chini wameendelea na mila.

Ngamia, hebu waeleze hawa ndugu ngazi zimepangwaje, maana wakisikia "daraja la nane" watadhani ni shule ya msingi ya enzi zetu.

Ngamia wa Pongwe

Hahaha. Sawa.

Msimu ule juu kabisa ilikuwa Premiership. Chini yake Championship, halafu National 1. Hapo bado nchi nzima inacheza ligi moja. Kuanzia ngazi ya nne ndipo wanaanza kugawana kijiografia: National 2 ina makundi matatu, Regional 1 sita, Regional 2 kumi na mbili, kisha zinakuja hizi zinazoitwa Counties, yaani za mikoa. Counties 1 ni ngazi ya saba. Sisi tuko Counties 2, mkoa wa Cornwall. Mpangilio huu ni wa 2022. Chama chao, RFU, kiliupangua ule wa zamani kwa sababu timu za chini zilikuwa zinasafiri mbali mno na mechi zilikuwa nyingi mno kwa watu wenye kazi zao.

Na ligi zenyewe si za kale kama mnavyodhani. Zimeanza msimu wa 1987/88. Kabla ya hapo klabu zilikuwa zinaalikana tu kama watu wa harusi. Mzee aliyenifundisha kusukuma skramu, yaani pale watu wanane wa kila timu wanapoinama na kusukumana kugombea mpira, ana miaka 51, na baba yake alicheza zaidi ya miaka kumi bila kuona msimamo wa ligi hata siku moja. Anasema baba yake aliona ligi zitaleta uadui.

Bi Shuwea

Samahani jamani, mimi ni mgeni wa michezo. Pointi zinahesabiwaje? Mume wangu anaangalia hii kitu ananiambia 27 kwa 22, nadhani ni mpira wa kikapu.

Ngamia wa Pongwe

Dada, ukiuweka mpira chini nyuma ya mstari wao, hiyo ni trai, pointi 5. Baada ya hapo mpigaji anajaribu kuupitisha katikati ya milingoti, akipata ni 2. Penalti ni 3.

Sasa kwenye msimamo ndiko kuna utamu. Ushindi pointi 4, sare 2. Ukifunga trai nne au zaidi unapata bonasi ya 1, hata kama umefungwa. Na ukifungwa kwa tofauti isiyozidi 7, unapata nyingine 1. Mfano wako wa 27 kwa 22 umenigusa, maana Oktoba tulifungwa hivyohivyo ugenini. Wao trai tatu na penalti mbili, sisi trai nne. Wakaondoka na 4, sisi na 2. Kwenye basi tuliimba kana kwamba tumeshinda. Mimi sikuelewa mpaka nikaonyeshwa hesabu.

Simba Damu

Wewe ulifunga trai ngapi msimu mzima?

Ngamia wa Pongwe

Nitafika huko mkuu. Usinikimbize.

Turudi Septemba. Mechi ya kwanza wakanipanga winga, pembeni kabisa, namba 14. Sababu? Nahodha alisikia natoka Afrika Mashariki. Kichwani mwake Afrika Mashariki ni Collins Injera na ile timu ya Kenya ya raga ya watu saba iliyoipiga Fiji 30 kwa 7 fainali ya Singapore 2016. Akaona amepata duma.

Dakika ya kumi nilipigiwa mpira, nikaanza kukimbia. Winga wao alinipita akiwa anarudi nyuma, akanisubiri, akanilaza. Dakika ya kumi na mbili nilikuwa nimesharudishwa kwenye skramu.

Kijana wa Ngong Road

🤣🤣🤣 Wakenya tumekuponza kaka. Pole sana.

Ngamia wa Pongwe

Baada ya hapo nikawa propu, namba tatu, upande wa kulia wa mstari wa mbele. Sasa wakuu, hapa ndipo nataka tuelewane, maana ndiyo sababu ya huu uzi.

Huku chini mechi haiamuliwi Jumamosi. Inaamuliwa Alhamisi usiku kwenye grupu la WhatsApp.

Nahodha anaandika: "Jumamosi nani yupo?" Halafu kimya. Kisha zinaanza. Mmoja ni mvuvi wa Newlyn, bahari imetulia kwa hiyo boti linatoka. Bahari ikichafuka anacheza. Mwingine ana ng'ombe wa maziwa, ndugu wa kumkamulia hayupo. Wawili ni wapishi kwenye hoteli za Newquay, na Septemba watalii bado wamejaa, Jumamosi hawapati ruhusa hata kwa dawa. Mwingine anaolewa dada yake. Mwingine anasema goti. Mwingine hajibu, lakini tiki za bluu zinaonekana, na kesho yake kuna picha yake yuko na ubao wa kuteleza juu ya mawimbi.

Ijumaa saa nne usiku nahodha anahesabu: kumi na nne. Na mimi ndiyo nimetoka kuamka niende zamu. Nakuta ujumbe mmoja tu, peke yake, nje ya grupu: "Big man?"

Nilikuwa naingia zamu saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi, nalala saa nne, na saa nane na nusu mchana nipo kwenye tope. Si kwa sababu najua raga. Nilikuwa mtu wa 15. Nikisema sipo, watu kumi na nne wanaathirika, na wale wa upande wa pili nao.

Mpenda Ndondo

Samahani mkuu, hesabu yako imenichanganya. Ijumaa saa nne usiku unaamka uende zamu ya saa mbili?

Ngamia wa Pongwe

Umenikamata. Saa kumi na mbili jioni ndiyo naamka, saa nne usiku nipo kazini tayari na ujumbe nausomea kwenye korido wazee wakiwa wamelala. Nimeandika kwa haraka.

Mpenda Ndondo

Sawa, endelea. Nilitaka tu kujua kama ni chai.

Daktari Mchovu

Si chai, nimeishi Devon, mkoa jirani na Cornwall, miaka minne, hali ndiyo hiyo. Ila mleta uzi hujawaeleza kwa nini propu ni dhahabu. Mstari wa mbele, yaani propu wawili na huka katikati, hauruhusiwi kujazwa na mtu yeyote tu. Shingo zao ndizo zinazobeba uzito wa watu kumi na sita wakisukumana. Asiyefundishwa anaweza kupooza. Kwa hiyo timu ikikosa watu waliofundishwa, refa anaamuru skramu ziwe za kuegemeana tu, bila kusukuma. Mchezo unaendelea, lakini timu iliyojengwa kwa skramu imekatwa miguu.

Ngamia wa Pongwe

Ahsante daktari. Ndiyo maana yule fundi bomba aliangalia shingo.

Yule mzee wa miaka 51 alinifundisha wiki sita, Jumanne na Alhamisi, chini ya taa mbili ambazo moja ilikuwa mbovu. Mgongo unyooke kama meza. Macho juu. Usivute pumzi wakati mnagongana. Alikuwa ananiwekea glasi ya maji mgongoni nikiwa nimeinama, ikimwagika tunaanza upya. Yeye alishastaafu mara tatu. Kila akistaafu, propu mmoja anaumia, anarudi.

Simba Damu

Mimi nauliza kwa nia njema tu. Ngazi ya nane, watu wavuvi na wakamua ng'ombe, watazamaji wangapi? Kwa nini mtu apoteze Jumamosi yake? Hakuna anayekwenda popote hapo.

Kijana wa Ngong Road

Simba, hapo umeteleza. Huku chini ngazi zimeunganishwa, ukishinda unapanda, ukifungwa unashuka. Chukua Richmond ya London. Walijifanya matajiri raga ilipokuwa ya kulipwa, wakafilisika 1999. Mwaka 2000 wakaanza upya kwenye ligi ya chini ya mkoa, Herts/Middlesex, wanacheza na watu kama hawa wa Ngamia. Wakapanda moja moja hadi 2016 wakaingia Championship, ngazi ya pili.

Na kushuka nako kupo. Wasps walikuwa mabingwa wa Ulaya 2004 na 2007. Oktoba 2022 madeni yakawameza. Worcester walikuwa wametangulia wiki chache nyuma, London Irish wakafuata 2023. Klabu tatu za Premiership ndani ya mwaka mmoja. Sasa niambie, kati ya hao na klabu ya kopo la biskuti, nani ana uhakika wa kucheza Jumamosi ijayo?

Simba Damu

Hiyo ya kopo la biskuti imenimaliza. Nimekubali nusu.

Ngamia wa Pongwe

Watazamaji, Simba, kama 60 siku nzuri, pamoja na mbwa. Lakini usidharau huu mkoa. Baani kwetu kuna picha kubwa ya Aprili 1991, fainali ya mikoa Twickenham, uwanja mkuu wa raga wa Uingereza, Cornwall iliifunga Yorkshire 29 kwa 20 baada ya muda wa nyongeza. Mzee anasema siku ile ungeweza kuiba mkoa mzima, hakukuwa na mtu nyumbani. Na Olimpiki ya 1908 London, timu ya mkoa wa Cornwall ndiyo iliyovaa jezi ya Uingereza kwenye raga. Zilijitokeza timu mbili tu. Wakafungwa na Australia 32 kwa 3, wakapewa medali ya fedha. Mechi moja, kipigo kimoja, fedha. Wanalieleza hilo bila aibu yoyote.

Bi Shuwea

Medali kwa kufungwa! Mimi huo ndio mchezo wangu.

Ngamia wa Pongwe

Naendelea. Novemba watalii wakaondoka, wapishi wakarudi. Ghafla tuna watu ishirini. Tukashinda nne mfululizo. Yaani timu ileile iliyopigwa 54 kwa 7 Septemba, sasa inatisha watu. Hakuna kocha mpya wala mbinu mpya. Hoteli zimepunguza wageni, basi.

Kisha hali ya hewa. Jumamosi ya Desemba 7 ilikuja tufani Darragh. Mechi zikafutwa, mti ukaanguka nyuma ya kantini yetu, na mlingoti mmoja ukalala kama umechoka. Wiki iliyofuata tulicheza kwenye tope ambalo kiatu changu cha kushoto kilibaki humo, nikacheza skramu mbili na soksi. Kufika saa kumi jioni giza lilikuwa linaingia na mpira hauonekani. Refa alikuwa anauliza wachezaji nani kaushika.

Boksing Dei hatukucheza, tulikwenda kutazama. Redruth na Camborne, miji miwili ya machimbo ya zamani ya bati, hukutana siku hiyo kwa desturi. Migodi imeshafungwa, lakini ule ugomvi haujafungwa. Mwenye ndugu Kariakoo siku ya Simba na Yanga atanielewa.

Daktari Mchovu

Majeruhi je? Hujagusia kichwa hata mara moja na ndiyo jambo kubwa la raga sasa hivi.

Ngamia wa Pongwe

Nilikuwa nakuja. Kwenye raga ya ridhaa ya Uingereza tangu Julai 2023 huruhusiwi kumkaba mtu juu ya ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Mwanzo, Januari ile, RFU walitangaza kiuno na chini yake. Watu wakachachamaa, malalamiko yakakusanya saini zaidi ya 70,000, chama kikaomba radhi na kupandisha hadi kidari. Mimi ni mrefu, kuinama ni kazi. Nilitoa penalti nyingi hadi mama wa kopo akanipa jina la kibandiko cha korido: "Angalia kichwa chako."

Januari propu mwenzangu wa kushoto aligongwa na goti. Alisimama, akasema yuko sawa, kisha akaenda kujipanga upande wa wapinzani. Akatolewa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka huohuo wa 2023 unasema mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Yeye ni mchimba mitaro, mtu mgumu, siku ya nane alikuwa analia arudishwe. Mzee akamkatalia mbele ya watu wote. Akasema ana rafiki wa rika lake asiyekumbuka tena majina ya wajukuu, hataki wa pili. Mimi kazini kwangu nina wazee wa namna hiyo, mmoja alikuwa huka. Sikusema kitu, ila siku ile nilimheshimu zaidi.

Na bila huyo propu, Mzee alistaafu kustaafu kwa mara ya nne. Miaka 51, wiki tatu. Tulifungwa mbili kati ya tatu.

Daktari Mchovu

Mpe salamu huyo Mzee. Namaanisha.

Kijana wa Ngong Road

Januari mlikuwa nafasi ya ngapi?

Ngamia wa Pongwe

Kabla ya hapo wa pili. Na hapa ndipo nikaona kituko. Nilidhani watu watafurahi. Ukaitishwa mkutano baani, mtu mmoja akasimama akamuuliza mhazini: "Tukipanda daraja, nauli ya basi nani atalipa?"

Maana ukienda Counties 1 unachanganywa na timu za Devon. Unavuka mto Tamar. Daraja lile ushuru unalipwa ukiwa unatoka Cornwall, kuingia ni bure, na wenyewe wanasema ndiyo maana wengi hawajawahi kutoka. Kutoka upande wa Penzance hadi Exeter ni saa mbili na ushei kwa gari. Mwenye ng'ombe anaondoka asubuhi, anarudi usiku. Mvuvi hawezi kusubiri mpaka Ijumaa kuamua. Wakagombana mpaka baa ikafungwa. Vijana wanataka kupanda, wenye mifugo wanataka nafasi ya tatu.

Mpenda Ndondo

Nafasi ya tatu kama LENGO! 😂 Nimeishi kuona mengi.

Ngamia wa Pongwe

Nami nilicheka mkuu, kisha nikapiga hesabu ya zamu zangu nikaacha kucheka.

Februari 8 tulishinda nyumbani, tukaoga haraka, tukakaa baani kuangalia England na Ufaransa. England 26, Ufaransa 25, trai ya Elliot Daly dakika ya mwisho. Mtu alinimwagia bia kichwani. Mimi sinywi, ninapewa sharubati ya ndimu kwenye glasi kubwa ili nisionekane mpweke, na kwa mara ya kwanza nilinuka kama wenzangu.

Ramadhani ikaanza Machi 1, Jumamosi ya mechi. Hapo nilisema mwenyewe: nitacheza kipindi cha kwanza tu. Nahodha hakuuliza swali hata moja, alisema tu, "Dakika 40 zako ni zaidi ya dakika 80 za asiyekuja." Huku mwenyeji ndiye anayelisha wageni baada ya mechi, na chakula kikubwa ni pasti, ile sambusa yao kubwa kama kiatu, ndani nyama ya ng'ombe, viazi na tanipu. Mimi nyama yao siyo ya kwangu, kwa hiyo msimu wote nilikula chipsi. Siku ile mama wa jikoni alifunga chipsi zangu kwenye karatasi ya foili, akaandika juu kwa kalamu: "18:06." Alikuwa ameitafuta saa ya magharibi mwenyewe.

Bi Shuwea

Huyo mama Mungu amjaalie. Saa kumi na mbili na dakika sita kabisa!

Simba Damu

Uzi mzuri lakini swali langu bado. Trai.

Ngamia wa Pongwe

Haya. Aprili. Mechi ya mwisho, nyumbani. Tulishashuka hadi nafasi ya tano, ubishi wa daraja la Tamar ulijifia wenyewe. Tukishinda tunamaliza wa nne.

Ijumaa usiku, niko kazini, simu inatikisika. Nikajua ni "Big man?" Haikuwa hiyo. Wapinzani wamepiga: wamepata watu tisa. Tisa huwezi kucheza mechi ya ligi. Wanatupa ushindi wa mezani, pointi 5 kwetu, na wao wanasubiri kukatwa zao. Grupu likalipuka, watu wanarusha vikaragosi vya ngoma. Tumemaliza wa nne tukiwa kitandani.

Mzee huwa haandiki kwenye grupu. Siku ile aliandika: "Chakula kimeshanunuliwa. Waambieni hao tisa waje."

Wakaja. Tisa, kwenye magari matatu. Mmoja alikuwa refa wao wa watoto, mwingine alikuja na mtoto mgongoni. Sisi tulikuwa kumi na saba. Tukawagawia wanne, tukabaki kumi na tatu kwa kumi na tatu. Propu hawakuwa naye hata mmoja, kwa hiyo wa kwanza kutolewa sadaka nikawa mimi. Nikavishwa jezi yao, imenibana kama soksi.

Skramu ya kwanza nikatazamana ana kwa ana na Mzee. Wiki sita za glasi ya maji, na sasa shingo yake ndiyo hiyo mbele yangu. Alinikonyeza. Kisha akanisukuma nyuma hatua tatu.

Dakika za mwisho mpira uliniponyokea miguuni, mita tano kutoka kwenye mstari. Sikuwa na la kufikiri. Niliuokota nikaanguka nao kama gunia la viazi, na watu wanne juu yangu, watatu kati yao wachezaji wenzangu wa msimu mzima. Refa akapuliza, akanyoosha mkono.

Trai. Dhidi ya klabu yangu. Tulishinda, yaani wao walishinda, 31 kwa 26. Nikapita kwenye ile njia ya makofi wanayotengeneza baada ya mechi, na sikujua nisimame upande gani.

Kijana wa Ngong Road

Wah. WAH. 🤣🤣 Hiyo jezi umebaki nayo?

Ngamia wa Pongwe

Waliichukua. Walisema wana tano tu za saizi hiyo.

Simba Damu

Sasa hesabu rasmi ni trai moja au sufuri?

Ngamia wa Pongwe

Kwenye tovuti ya ligi mechi ile haipo, pameandikwa tu kwamba wageni hawakufika. Kwa hiyo sufuri. Ila mama wa kopo alinitoza ada ya mechi kama kawaida.